Nikate dishi nibaki na Netflix? Jibu kwa dada wa Tororo

Dada mmoja wa Tororo ameniuliza hivi. Nyumbani kwake kuna dishi la DStv, analipia pakeji ya kati kila mwezi, na mdogo wake anayekaa Ntinda pale Kampala amemwambia hiyo ni kutupa pesa, akate dishi achukue Netflix maana bei yake ni ya chini sana. Nyumba ina watu sita: yeye, bwana wake shabiki wa Arsenal, watoto watatu, na mama mkwe ambaye anashinda nyumbani mchana kutwa. Intaneti yao ni bando za simu tu. Yeye mwenyewe anafanya kazi kwa ofisi ya kliaringi Malaba na huko kuna waifai. Anauliza mdogo wake ana haki ama hana.

Dada yangu, usikate dishi. Kwa hapo ulipo na kwa intaneti uliyo nayo sasa ukikata utalipa zaidi na nyumba itaangalia kidogo. Mdogo wako hajakudanganya, hesabu yake ni ya kweli kabisa ila ni ya nyumba yake, kule Ntinda fiber, yaani waya wa intaneti, imeingia mpaka sebuleni, analipa bei moja mwezi mzima na anaangalia mpaka usingizi umchukue, wewe unanunua GB kwa GB. Tofauti yote iko hapo. Mi nafunga madishi na pia navuta waya za intaneti kwa majumba, kazi zote mbili zinanilisha, kwa hivyo sina sababu ya kukuvutia upande mmoja, na kitu ninachokiona kila siku ni watu wanaweka bei ya Netflix hapa na bei ya dikoda pale wanachagua ile ndogo, wamesahau kwamba Netflix anakuuzia filamu lakini hakuuzii njia ya kuifikisha kwako. Njia unainunua kando kwa MTN ama Airtel, kila saa unayoangalia.

Nikueleze inavyofanya kazi ndio utaelewa kwa nini nasema hivi. Dishi ni kama mvua, inanyeshea mji wote mara moja na ukitega pipa moja ama kumi mvua haiongezeki bei, kustrimu ni maji ya jerikeni, kila jerikeni inabebwa mpaka kwako na kila moja unailipia. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 Mashariki, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na sisi tuko karibu chini yake kabisa ndio maana fundi akifunga dishi huku Uganda anatafuta signo karibu utosini. Inatuma picha mara moja tu, mwenye dishi Kasese na mwenye dishi Arua wote wanashika ileile, hakuna anayepunguza ya mwenzake. Intaneti siyo hivyo. Ukibonyeza filamu, kopi yako wewe peke yako inatoka kwa seva, inapita kwa waya, inapanda mnara wa simu wa mtaani kwenu na inashuka kwa simu yako, jirani akibonyeza hiyohiyo filamu dakika hiyohiyo inatoka kopi nyingine. Kwa hivyo mwenye mnara lazima alipwe kwa kila GB na ikifika saa mbili usiku watu wote wa mtaa wako juu ya mnara mmoja, picha inaanza kuzungusha.

Sasa tuweke namba. Netflix wenyewe wanasema ukiweka ubora wa chini unatumia karibu GB 0.3 kwa saa, ubora wa kati GB 0.7, ukiweka HD inaweza kufika GB 3 kwa saa moja na ile 4K mpaka GB 7. Tivii yenu kwa watu sita, na mama mkwe yuko nyumbani mchana, inawaka saa sita kwa siku bila shida yoyote. Saa sita mara 0.7 ni GB 4.2 kwa siku, mwezi ni GB 126. Hiyo ni ubora wa kati tu, kwa tivii kubwa sura za watu zinakuwa na ukungu. Mkitaka HD ile safi mnaenda GB 18 kwa siku, GB 540 kwa mwezi. Chukua bando ambalo huwa unanunua, gawanya bei yake kwa GB zake upate GB moja ni shilingi ngapi, alafu zidisha na 126. Fanya hivyo kabla hujaendelea kusoma. Ukishapata hiyo namba ongeza na bei ya Netflix juu yake, ndio uilinganishe na pesa unayolipia dishi.

Na tusisahau kodi. Tangu Julai 2021 data ya intaneti ina ushuru wa asilimia 12, ulikuja badala ya ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018, alafu juu ya huo ushuru kuna VAT ya asilimia 18. Ukizipanga zote, kwa kila bando la shilingi 10,000 karibu shilingi 2,400 inaenda kwa serikali, data unayobaki nayo ni ya kama 7,600. Pakeji ya tivii nayo ina VAT, sikatai, lakini hiyo unailipa mara moja kwa mwezi hata tivii iwake saa 20 kwa siku, kodi ya data inakukata kila mara watoto wanapobonyeza katuni nyingine.

Mpira sasa. Hapa ndipo shemeji yangu atakasirika, na ana haki. Netflix haina Ligi Kuu ya Uingereza. Hii siyo mambo ya pakeji kubwa ama ndogo, haina tu. Haki za kuonyesha mechi zinauzwa nchi kwa nchi na huku kwetu Ligi Kuu iko na SuperSport, chaneli za michezo za DStv na GOtv, kwa hivyo Arsenal ikicheza Jumapili na dishi umekata mzee anaenda kibandani kulipa kiingilio na soda, ama anafungua zile tovuti za wizi zenye matangazo ya kamari kila dakika, simu inajaa takataka na picha inakufa dakika ya 80. Kibanda si kitu kibaya, wanaume wengi wanapenda kuangalia wakiwa kundi na kama yeye ni hivyo basi hesabu inabadilika kabisa, nitarudi hapo. Lakini muulize kwanza, usimuamulie.

Na hata ukichukua apu inayoonyesha mpira kihalali, mechi moja na mapumziko yake ni karibu saa mbili, kwa HD ni GB 6. Nne kwa wikendi, GB 24. Alafu kuna kuchelewa. Video ya intaneti inakatwa vipande vya sekunde chache chache na simu inakusanya vipande kadhaa kwanza ndio ianze kuonyesha, kwa hivyo unaangalia kitu kilichotokea kama nusu dakika nyuma, wakati mwingine zaidi. Setilaiti nayo inachelewa lakini ni sekunde chache. Jirani mwenye dishi atapiga kelele ya goli wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja, na kwa shabiki wa kweli hiyo inauma kuliko bei.

Mama mkwe hukuniuliza sana habari zake lakini mi naona ndiye mtu wa maana kwa hii hesabu yote, maana ndiye anayeangalia saa nyingi. Yeye hatasoma maandishi ya Kiingereza chini ya filamu ya Kikorea. Anataka habari za saa moja, anataka UBC, NTV, Bukedde, anataka kuwasha kwa rimoti na kitu kitokee bila kuuliza pasiwadi kwa mjukuu. Ukimpa Netflix umemnyamazishia tivii. Kama nyumba yenu inaongea Kiswahili, na Tororo wengi ni hivyo, basi angalia pia Azam, ina Sinema Zetu, ina tamthilia zilizowekwa sauti za Kiswahili, na ina ligi ya Tanzania na hao Simba na Yanga wao, nimefungia akina mama wengi wa Busia na Malaba na hakuna aliyeniomba nirudi kuitoa. StarTimes nao wana ligi yetu ya nyumbani tangu 2018 na wanakubali kulipa kwa siku ama kwa wiki, hiyo inasaidia sana mtu ambaye pesa yake inaingia vipande vipande. Filamu za ma-VJ, wale wanaotafsiri kwa sauti yao juu ya filamu, kama VJ Junior na VJ Jingo, ambazo wengi wanazipenda kuliko zile za asili, kwa Netflix huzipati.

Watoto ndio Netflix inawafaa kweli, siwezi kuficha. Ina profaili ya watoto, unafunga vya wakubwa, na hakuna matangazo ya kamari katikati ya katuni, na mtoto akitaka kurudia kipande kilekile mara kumi hasubiri ratiba ya mtu. Kwa dikoda pia unaweza kuweka namba ya siri kwa chaneli za wakubwa, wengi hawaweki tu.

Kuna mambo ya uhakika pia. Dishi linakufa mvua kubwa ikija, masafa ya DStv yanamezwa na matone ya maji, unajua mwenyewe mvua za huko kwenu zinavyopiga, lakini ikipita dakika 15 ama 20 picha inarudi. Ukiona hairudi tatizo ni dishi limesogea ama koneta imeingia maji, usiite fundi kabla hujakagua koneta. Umeme ukikatika ama Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha tivii inazima kwa pande zote mbili, hapo simu yenye filamu umeshaidaunlodi ndiyo inashinda. Lakini intaneti ina ugonjwa wake ambao dishi halina. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti nchi nzima ilizimwa karibu siku tano, aliyekuwa amekata dishi alibaki anaangalia kioo cheusi, tena kwa siku ambazo kila mtu alitaka kujua kinachoendelea. Nyumba yenye mzee na watoto isitegemee njia moja tu ya kupata habari, hii mi naisema kwa kila mteja ata kama hakuniuliza.

Malipo nayo yana tofauti ambayo watu wanaishika baada ya kuumia. Dikoda usipolipa inakatika, basi, ukipata pesa unalipa kwa mobile money inarudi. Netflix inataka kadi, ya benki ama ile ya mtandaoni unayoitengeneza kwa mobile money, na kila mwezi inajikata yenyewe bila kukuuliza. Mwezi ambao ada ya shule inagongana na siku ya kukatwa utashangaa salio limeenda wapi. Ukitaka kusimamisha lazima uingie kwa akaunti ubonyeze kusimamisha, kufuta apu kwa simu haisimamishi chochote, hii nairudia kwa sababu ndiyo inawala watu wengi zaidi.

Alafu ile bei ndogo kabisa ambayo pengine mdogo wako alikutajia, mara nyingi ni ya pakeji ya simu. Hiyo inafungua kwa simu ama tableti moja tu, picha ni 480p, na haiendi kwa tivii, si kwa waya si kwa waifai. Familia ya watu sita haiwezi kukaa kwa simu moja. Ya kufungua kwa tivii ni ile ya juu yake, na ile ya watu wawili kuangalia pamoja ni ya juu zaidi, kwa hivyo ulinganishe na hizo. Na usitegemee kutumia pasiwadi ya mdogo wako, tangu 2023 Netflix wamekaza, akaunti ni ya watu wa nyumba moja.

Sasa ningekuwa wewe ningefanya hivi. Dishi linabaki, lakini silipii pakeji ileile miezi 12. Ligi ya Uingereza inaanza Agosti inaisha Mei. Juni na Julai shuka mpaka pakeji ya chini kabisa ambayo mama mkwe anapata chaneli zake na watoto wanapata katuni moja mbili, shemeji hatakuwa na mechi za ligi za kulilia. Agosti panda tena, lakini kabla hujapanda piga simu uulize chaneli ya Ligi Kuu iko pakeji ipi msimu huo maana wanabadilisha, nimekuta watu wanalipia pakeji kubwa kwa ajili ya chaneli ambayo ilishashushwa chini. Na kama shemeji akikubali kwamba mpira ni wa kibandani, baki chini mwaka mzima.

Pesa inayobaki hiyo miezi miwili chukua Netflix ya simu, ya kwako na watoto, na uitumie kwa kudaunlodi tu. Una waifai Malaba, omba ruhusa kwa bosi, weka ubora wa kawaida, shusha filamu mbili na katuni kadhaa wakati wa chakula cha mchana, jioni unafika nyumbani na kitu kiko ndani ya simu, hakuna bando limeguswa. Jua tu kwamba filamu zingine ukishaanza kuziangalia muda wake unaisha baada ya saa 48, kwa hivyo usianze tatu kwa mpigo. Jaribu mwezi mmoja. Watoto wasipoigusa isimamishe mwezi huohuo.

Siku ambayo jibu langu litabadilika ni siku utakayopata intaneti ya bei moja isiyohesabu GB. Inaniuma kwamba intaneti nyingi ya Uganda inatoka Mombasa na waya zake zinapita hapo Malaba na Busia karibu na mlango wako, alafu fiber ya nyumbani unaisikia kwa watu wa Kampala. Kampuni ikifika kwenu na fiber, ama ukiletewa ruta ya laini yenye bando wanaloita anlimited, usitie saini kabla hujauliza mambo mawili: nikifikisha GB ngapi mnanipunguzia spidi, na mkipunguza inabaki Mbps ngapi. Netflix wanataka angalau Mbps 3 kwa picha ya 720p na Mbps 5 kwa ile ya 1080p. Wakikuambia baada ya kiasi fulani inashuka Mbps 1, hiyo siyo anlimited ya kuangalia tivii, ni ya WhatsApp. Omba kuijaribu nyumbani kwako kati ya saa mbili na saa nne usiku, maana saa nne asubuhi kila ruta ni nzuri. Ikishika vizuri kwa wiki nzima hapo sawa, shusha DStv mpaka chini, weka Netflix ya tivii, na pakeji kubwa uipandishe tu miezi ile mechi zinapokuwa tamu.

Umeuliza pia mwishoni kama ununue ile smati tivii ya mitumba ambayo mdogo wako anaiuza. Angalia vitu viwili kabla hujampa pesa. Kwanza iunganishe na hotspot ya simu na ufungue Netflix hapohapo mbele yake, tivii za zamani zina apu imeandikwa lakini haifunguki tena kwa sababu kampuni iliacha kuzisasisha. Pili nenda kwa settings ama usome kibandiko cha nyuma utafute maandishi DVB-T2. Huo ndio mfumo wa dijitali tunaotumia huku tangu walipoanza kuzima analogi 2015, tivii ikiwa nayo unachomeka antena ya kawaida na unapata chaneli za nyumbani bila dikoda na bila kulipa mwezi, mama mkwe anapata habari zake hata ule mwezi ambao pesa ya dishi haijapatikana. Ikiwa na apu inayofunguka na DVB-T2, nunua. Ikikosa hiyo DVB-T2 mpunguzie bei, maana itabidi ununue kidikoda cha chaneli za bure kando.